Ufunguo wa Msumari wa Saba

9 Februari

Mjomba,

Nisamehe nianze kwa sauti kabla ya salamu. Wiki hii yote imenikaa sikioni ile pumzi yako ya mwisho. Mashine imenyamaza, umeinua ufunguo mpya usawa wa macho, unaupuliza unga wa shaba, fuu, mara moja tu, kisha unamwambia mteja, "Kajaribu." Nilikaa miaka tisa kwenye benchi nyuma yako, na katika makelele yote ya mashine ile kilichobaki ni pumzi. Jana nilikuwa nangoja maji yachemke, chumba kizima kimya, nikaisikia. Nikageuka. Ilikuwa birika.

Basi sasa, shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Fundi viatu hapo jirani bado anakunywa chai yako na kudai yake imemwagika? Masikio sikuulizi. Ndiyo sababu tunaandikiana barua kama watu wa zamani, badala ya kupigiana simu na wewe kujibu "Nani? Nani?" mpaka mimi mwenyewe naanza kujiuliza. Mimi sijambo. Kazi ipo, chumba kipo, jua huingia dirishani saa nne na kutoka saa tano.

Uliniandikia kwamba wateja wanakuuliza mpwa wako anafanya kazi gani, ukawajibu "mambo ya kompyuta", na kesho yake mmoja akakuletea redio mbovu uniletee. Nimeona nikueleze vizuri.

Ninaandika programu ya kupanga zamu za wauguzi katika hospitali kadhaa. Hilo ni rahisi. Gumu kulieleza ni lugha ninayoandikia, nayo ndiyo ninayoipenda. Ni ya jamii inayoitwa lugha za vitendakazi. Jina lisikutishe.

Programu nyingi huandikwa hivi: una kisanduku, unaweka namba ndani, halafu kila anayepita anafungua, anatoa namba iliyomo, anaweka nyingine. Ni kama ufunguo mmoja wa nyumba ya watu kumi, na kila mmoja ana tupa mfukoni. Huyu anakwangua jino hili kidogo liingie vizuri kwake, yule anakwangua lile. Siku mlango ukigoma, mnasimama nje watu kumi na hakuna anayejua nani alikwangua mwisho.

Lugha yangu inakataza tupa. Kitu kikishatengenezwa, hakiguswi. Ukitaka kilicho tofauti kidogo, unachonga kipya kwa kukitazama cha zamani, na cha zamani kinabaki kama kilivyokuwa. Sasa fikiria mashine yako. Kushoto unabana ufunguo wa asili, kulia unabana ule usio na meno. Unawasha. Asili haipungui hata unywele. Na ukiibana asili ileile kesho, au mwaka ujao, au ukiwa umenuna, kinachotoka ni kilekile. Mashine haiulizi leo ni siku gani. Haimkumbuki mteja wa jana. Inapokea, inatoa. Hicho ndicho kitendakazi, na programu yangu nzima ni mashine ndogo kama hizo, nyingi, zimepangwa mstari, moja inaipa nyingine.

Ulinifundisha haya kabla sijajua kusoma. Ule ubao wako ukutani, misumari ishirini na minne, kila msumari na asili yake, funguo ambazo hazipelekwi mlangoni, ni za kuchongea tu. "Nakala ya nakala ni mjukuu aliyesahau sura ya babu," ulikuwa unasema, na mteja aliyekuja na nakala ulimrudisha kwao akaufuate ufunguo wa kwanza, hata akitukana.

Napenda kukaa ndani ya lugha isiyogusa kitu. Unapokea, unatoa, umemaliza, hakuna aliyeumia. Wakati mwingine natamani na watu wangeumbwa hivyo.

Nisalimie kila anayeniulizia, kama yupo.

Mpwa wako,
Kimya


14 Machi

Kwa Kimya wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilichukua wiki tatu. Nadhani ilikuja kwa miguu, tena kwa miguu ya mtu mnene. Kifua kinakohoa kwa zamu, kama wauguzi wako. Fundi viatu anakusalimu sana. Nilimsomea ulichoandika, na sasa hataki kuniazima tupa, anasema mpwa wangu kaipiga marufuku.

Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona umenitumia kazi yangu mwenyewe ndani ya bahasha. Mara ya pili nikapata swali. Unga unakwenda wapi?

Usicheke. Kila nikichonga, shaba inadondoka. Iko sakafuni, iko kwenye nyusi zangu, iko kwenye chai ya fundi viatu, yaani yangu. Na kelele nazo. Mashine hii imetoa funguo miaka thelathini na moja, na kila ufunguo uliondoka na kipande cha sikio langu. Hilo nalo limetoka kwenye mashine, ingawa hakuna mteja aliyeliomba. Sasa wewe unaniambia yako inapokea na kutoa na haigusi kitu. Haya, kazi isiyogusa kitu ni ya nini? Ufunguo mzuri kuliko wote, kama haujaingia mlangoni, ni kipande cha shaba tu. Na hao wauguzi wanaijuaje zamu yao, kama programu yako haigusi hata karatasi? Nijibu hilo, usinizungushe.

Lililonikalisha kuandika ni jingine. Nyumba ya mama yako.

Mwezi ujao inatimiza miaka mitatu imefungwa, tangu tulipomzika. Nyumba ni yako. Mimi ni kaka yake niliyebaki kuchungulia paa. Kuna mama mmoja, muuguzi, ana watoto wawili na wanakaa chumba kimoja ambacho, akifungua kabati, lazima mtoto mmoja atoke nje. Anaomba kupanga. Ni mtu mwema, ana sauti ambayo hata mimi naisikia. Nimemwambia mwenye nyumba yuko mbali na si msemaji, avumilie. Nangoja neno lako, ndiyo au hapana.

Nimekuchongea ufunguo, umo humu kwenye bahasha. Siku ukija, usigonge hodi kwako mwenyewe.

Asili zote zipo. Ubao hauna neno.

Mjomba wako


20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Namshukuru Mungu kwa kifua, na mwambie fundi viatu tupa ameruhusiwa, ila asiikaribie programu yangu.

Swali lako la unga nililipeleka kazini. Tuko sita, na tangu ofisi ilipofungwa kila mtu anafanyia kwake, kwa hiyo kulipeleka kazini maana yake nililiandika kwenye kioo cha kompyuta, wote walione. Wawili wakajibu kwa kikatuni kinachocheka. Mmoja akaandika, "Mjomba wako angefaa kuajiriwa." Kisha wakarudi kwenye kazi, na mimi nikakaa naangalia hivyo vikatuni kwa muda mrefu kuliko vilivyostahili.

Jibu ni hili. Unga upo, na lugha haiukatai. Inachotaka ni utajwe. Mashine ndogo yoyote inayogusa dunia ya nje, iwe ni kuchapa karatasi, kutuma ujumbe kwa muuguzi, hata kuuliza tu saa ngapi, lazima itangaze usoni pake kwamba "mimi nadondosha unga". Na iliyo na alama hiyo hairuhusiwi kujificha ndani ya ile isiyo nayo. Kwa hiyo tunaziweka zenye unga ukingoni, karibu na mlango, na ndani kabisa kunabaki safi. Kosa si kugusa. Kosa ni kugusa bila kusema.

Niliandika sentensi hiyo, nikainuka nikaenda kunawa mikono. Sijui kwa nini nakueleza.

Kuna mambo mengine utayapenda. Kuna kitendakazi kinachopokea kitendakazi kingine. Unakipa kitita cha funguo na namna ya kuchonga, chenyewe kinahakikisha kila ufunguo umepitiwa. Tena lugha yangu ni mvivu kwa makusudi. Ukiipa hesabu, haifanyi. Inaweka ahadi pale, kwamba hii itafanywa siku jibu litakapodaiwa. Kama halidaiwi kamwe, haifanywi kamwe, na hakuna aliyepoteza nguvu.

Na kuna ufagio. Kwa kuwa hatubadilishi vya zamani, vinarundikana, basi ndani mna ufagio unaopita wenyewe. Hauangalii kipi kibaya wala kipi kizee. Unauliza jambo moja: kuna yeyote bado anakishika hiki? Kama hakuna, kinakwenda. Hakifukuzwi, ni kwamba hakuna aliyekiulizia. Jumamosi iliyopita nilikaa tangu asubuhi mpaka jua kuzama bila kutamka neno, nikawa naufikiria ufagio huo. Nikashuka dukani kununua chumvi, na chumvi ninayo, ili tu nipate kusema "asante". Muuzaji alikuwa anaongea na simu.

Ufunguo nimeupokea. Nimepitisha kidole juu ya jino la tatu na la nne. Nashukuru.

Kuhusu nyumba nitakuandikia.

Kimya


13 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hii ni fupi, karani wa posta kashafunga dirisha moja na ananitazama kama mimi ndiye ninayemchelewesha kuoa.

Kile kitendakazi kinachopokea kazi, kikaigawa, chenyewe kisichonge hata ufunguo mmoja, huku kwetu kina jina. Kinaitwa bosi.

Hiyo ya ufagio sikuipenda. Nilipoisoma niliacha chai ikapoa, na fundi viatu akaona ndiyo nafasi yake. Sikiliza. Mimi naulizia. Kila Ijumaa namuuliza karani huyu kama kuna bahasha, mpaka sasa akiniona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijafika. Kama ufagio wako una macho, umwone karani.

Na kama lugha yako haifanyi mpaka idaiwe, basi leo nakudai. Nyumba: ndiyo au hapana? Muuguzi ameuliza tena.

Halafu umesema umepitisha kidole juu ya jino la tatu na la nne, ukanyamaza. Nimekulea. Najua kimya chako kina vyumba vingapi. Chumba hicho sijawahi kukiona.

Mjomba


6 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini karani ameoa.

Umedai, najibu. Naomba nyumba ibaki kama ilivyo. Shuka lake bado limetandikwa kama tulivyoliacha, kikombe chake kimefunikwa, ile sweta iko nyuma ya mlango. Mtu akihamia, vitu hivyo vitakuwa vitu vya nani? Mwambie muuguzi anisamehe. Naamini atapata kwingine. Ninataka pawepo mahali pamoja duniani ambapo hakuna aliyekwangua jino.

Kuhusu jino la tatu, ni ufunguo mzuri, mjomba. Sina la kusema.

Hapa hakuna jipya. Jirani wa juu amenunua kiti chenye magurudumu, kinanguruma juu ya kichwa changu, kwa hiyo najua anapokwenda kula na anaporudi.

Kimya


19 Agosti

Kimya wangu,

Najua nimechelewa. Barua yako ilifika mwisho wa Juni na nimekuwa nayo mfukoni tangu hapo, mpaka imeshika umbo la paja. Naanza kuandika, naona aibu, naacha. Fundi viatu ananisalimia siku hizi kwa upole, na hilo ndilo limenitisha kuliko yote.

Katikati ya Julai upepo uliinua bati la nyumba ya mama yako, upande wa chumba cha kulala. Jirani alikuja kuniambia maji yanapita chini ya mlango. Nilikwenda na nakala yangu, ile niliyotumia miaka yote. Muuguzi alikuwa anapita na watoto wake, akasimama kusaidia. Nikaingiza ufunguo. Unajua umechakaa, unataka kubembelezwa. Sikuubembeleza, nilikuwa na haraka, maji yanapita. Ulikatika mkononi. Kipande nikakitoa kwa waya, kitasa ni kizima. Nikarudi kibandani mbio kuchonga mwingine.

Sasa nisome vizuri, maana sitaliandika mara mbili. Msumari wa saba ni mtupu. Asili ya mlango wa mama yako haipo.

Nilijua tangu Machi. Nilipotaka kukuchongea wako, nikanyoosha mkono, nikashika msumari. Niliona haya, nikachonga kutoka kwenye nakala yangu, mimi, niliyetukanwa na wateja miaka thelathini na moja kwa ajili ya jambo hilohilo. Kisha nikakuandikia asili zote zipo. Ndiyo maana jino la tatu lilikuwa vile. Nadhani ulijua, ukanistahi. Siku ile nilichonga mwingine kwa kuunganisha vile vipande viwili, nikarudi nao mlangoni, ukaingia, haukugeuka. Mtoto mdogo wa muuguzi akamuuliza mama yake, "Babu amesahau?" Nilisikia, mwanangu. Katika maneno yote ya mwaka huu, hilo nililisikia.

Nimepanda juu nimeweka turubai, fundi viatu ameshika ngazi na kunihubiria. Ndani sijaingia. Nimemwaga makopo yote, nimefumua mto wa kiti, nimechambua uchafu wa sakafuni kwa sumaku nikakumbuka shaba haishiki sumaku. Ufunguo kupotea hupotea. Linaloniumiza ni kwamba sikumbuki kuutoa. Baba yetu alianza hivihivi. Siku moja tulikuta miwani yake ndani ya sufuria ya maji, naye anatuapia kwamba hakuiweka. Masikio niliyazika zamani, sikulia. Kichwa sikuwa tayari.

Fundi aliyepoteza asili hana haki ya kushika asili za watu. Nimefunika mashine kwa gunia. Nimeanza kuwarudishia wenyewe funguo zao, mmoja baada ya mwingine, nawaambia nimechoka. Zimebaki tisa ubaoni. Nauza makufuli tu.

Naomba ruhusa yako nivunje kitasa, kabla vitu vya mama yako havijaoza.

Nisamehe.

Mjomba wako


9 Septemba

Mjomba,

Kichwa chako ni kizima. Ni mimi.

Nimeanza na hilo kwa sababu shikamoo ingenipa nafasi ya kulikwepa. Ufunguo wa asili ninao mimi. Uko mbele yangu mezani sasa hivi, pembeni ya ule ulionichongea. Uko hapa miaka mitatu.

Siku ya mazishi, watu walipotawanyika, nakala yako ilikuwa kwa waliokuja kukusanya viti, kwa hiyo ulinipa asili nikafunge nyumba. Ukasema, "Ukimaliza, rudisha msumari wa saba." Nilifunga. Nikaja kibandani. Ulikuwa umenipa mgongo, unapanga makopo yaliyokwisha kupangwa. Nikasimama mbele ya msumari. Wa sita ulikuwa ufunguo wa duka la rangi, wa nane wa ghala la magodoro. Nikaona nikiuning'iniza pale katikati, mama atakuwa mlango kama milango mingine. Nikauingiza kwenye soksi. Hukunisikia nikitoka, na tangu siku hiyo umeamini uko msumarini. Nilijua hutanisikia, na hilo ndilo ninaloshindwa kulitazama.

Mwezi wa nne bahasha yako ilipofika, niliziweka funguo zote mbili sambamba. Jino la tatu lako lilikuwa limezama, la nne limepinda. Nilijua umechonga kutoka kwenye nakala, na wewe huchongi kutoka kwenye nakala, kwa hiyo nilijua umekuta msumari mtupu na umeona haya kuniambia. Nilijua yote hayo, mjomba, nikakuandikia "nashukuru". Nikakuhubiria kwamba kosa ni kugusa bila kusema. Nikanawa mikono. Miezi mitano nimekuacha ujitilie shaka akili yako ili mimi nisione aibu ya dakika tano.

Nimekuwa nikijisifu kwa lugha isiyobadilisha cha zamani. Leo nimekaa na funguo hizi mbili nikaona sikuwa nimeielewa. Asili inatundikwa ili ichongewe. Ile niliyoificha kwenye droo haikumpa mtu yeyote ufunguo, na hata yenyewe haikufungua kitu. Niliita huko ni kumtunza mama. Wakati huo maji yalikuwa yanapita chini ya mlango wake.

Kuituma kwa posta siwezi. Ni wiki tatu, na wewe utakuwa umeshamaliza ubao. Kukuambia kwa mdomo nako siwezi. Itabidi nipige kelele, na soko zima litakuwa limejua kabla yako, fundi viatu akiwa wa kwanza. Kwa hiyo barua hii naileta mwenyewe, uisome nikiwa nimesimama hapo. Nimeomba wiki mbili kazini. Wamenijibu kwa kikatuni cha mkoba.


12 Septemba, benchini

Naongeza haya kwa penseli yako, nimeikuta chini ya benchi ilipokuwa siku zote.

Nilifika asubuhi nikapitia kwanza nyumbani kwa mama. Asili iligeuka mara moja, bila kubembelezwa. Godoro limelowa upande mmoja, ukuta umeota ukungu mpaka usawa wa kiuno. Sweta imepona. Nilisimama na shuka mkononi nikingoja kitu kinizuie, hakuna kilichonizuia, nikalitoa nje nikalifua nikalianika. Kikombe nimekiosha.

Nilikuwa nafungua madirisha aliposimama mlangoni mwanamke mwenye sare ya kazi, mtoto mkononi.

"Wewe ndiye Kimya?"

"Ndiyo."

"Mbona unaongea?"

Nikacheka, na kicheko chenyewe kikanishtua, kilikuwa kikubwa kuliko chumba. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamweleza, zamu za wauguzi. Akaweka mtoto chini, akajishika kiuno.

"Hospitali gani?"

Nikamtajia. Na yake imo.

"Kumbe ni wewe! Mwezi uliopita umenipa zamu nne za usiku mfululizo. Nne! Nilimtilia mtoto huyu sukari kwenye supu. Keti hapa, dada yangu, sisi tuna mazungumzo."

Tukaketi kizingitini. Nilikuwa sijawahi kumwona hata mmoja wa watu ninaowapangia. Ana kovu dogo la moto kwenye kidole gumba, na anaposikiliza anafunga jicho moja. Yule mtoto akaniuliza kama babu wa funguo ameshakumbuka. Nikamwambia babu hakusahau kitu, aliyesahau ni mimi. Nimemwambia mama yake wahamie Jumamosi. Sweta nimeichukua, vingine vyote avitumie.

Sasa niko nyuma yako. Umenipa mgongo, unahesabu makufuli kwenye kasha, na shingo yako imekonda kuliko nilivyoikumbuka. Fundi viatu ameniona nilipoingia, akafungua mdomo. Nikamwekea kidole. Tangu hapo ameinamia kiatu kilekile na anajifanya anatafuta uzi, lakini mabega yanamtikisika, na chai yako ameisukuma upande wako, imejaa, hajaigusa.

Nikimaliza mstari huu nitakugusa bega, nikupe karatasi hizi. Usinijibu kwa haraka. Muuguzi anahitaji funguo mbili kabla ya Jumamosi, na mimi nahitaji mmoja, mzuri, wa kwangu. Gunia nimeshaliondoa kwenye mashine. Asili nimeitundika msumari wa saba, mjomba. Nimepita nyuma yako nikaitundika, na safari hii nimekuambia.

Mpwa wako